Maswali Yenu: Chombo Kikiachwa Maegeshoni

Barua za safari hii zimetoka Malindi, Watamu na Lamu, na karibu zote zinahusu gari au pikipiki iliyoachwa peke yake. Tunaanza na ile iliyotugusa zaidi, kwa sababu wanaoibiwa namna hii huishia kulaumiwa wao.

*Nilipaki kando ya Barabara ya Lamu hapa mjini, nikabonyeza rimoti huku natembea, nikaingia dukani. Kurudi, laptopu iliyokuwa kiti cha nyuma haipo. Kioo kizima, kitasa hakina hata mkwaruzo. Mlinzi ashikilia kuwa nilisahau kufunga. Nina hakika nilibonyeza.* — Msomaji, Malindi

Ulibonyeza, ndugu yetu, nasi twakuamini. Ila huenda gari halikupata amri yako. Rimoti hutuma mawimbi ya redio, ya karibu megahezi 315 kwa magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Japani na 433 kwa ya Ulaya. Mwizi mwenye kifaa kinachotoa mawimbi ya masafa hayo hayo, yenye nguvu zaidi, huizima sauti ya rimoti yako. Wewe washika njia ukijua umefunga, naye afungua mlango kama mwenye gari.

Dawa yake haina gharama. Simama kando ya mlango, bonyeza, tazama taa zimewaka, sikiliza mlio wa makomeo kushuka, kisha vuta kitasa cha dereva, cha mlango wa nyuma wa upande wa pili, na cha buti. Buti ndilo linalosahauliwa. Kama gari lako hufunguka lenyewe kwa ufunguo ulio mfukoni, kuvuta kitasa kutakudanganya: gari litakutambua na kufunguka. Hapo mpe mwenzako ufunguo asogee hatua kadhaa ndipo uvute, au uchungulie kioo uone komeo limelala.

Rimoti ikikataa, usiondoke ukitumaini. Funga kwa ufunguo wa chuma kwenye mlango wa dereva. Katika magari mengi milango yote hujifunga kwa pamoja. Kisha lisogeze gari, uipime rimoti mahali pengine. Ikifanya kazi vizuri mita mia kutoka pale, basi huenda pale pana mtu na kifaa chake. Mwambie mlinzi na usilirudishe gari pale. Ikiwa dhaifu kila mahali hadi uisogeze karibu na kioo, betri yake imechoka. Ifungue usome namba iliyochongwa juu ya betri, mara nyingi CR2032 au CR1632, ununue ya namba hiyo hiyo.

Kuhusu laptopu: iweke kwenye buti nyumbani kabla hujaondoka. Ukiihamisha baada ya kupaki, umemwonyesha kila anayekutazama mahali ilipo. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na baadaye abstrakti (hati ya polisi kuhusu taarifa yako), ukiwa na namba ya mashine iliyo kwenye boksi lake. Tusikufiche: bima nyingi za gari hazilipi mali iliyokuwa ndani, na pasipo dalili ya kuvunjwa dai huwa gumu zaidi.

*Assalaam alaykum. Sisi hushuka Mokowe, tukaliacha gari, tukavuka kwa boti kuja Lamu kwa siku nne au tano. Je, nitoe betri? Na kijana wa pale akitaka nimwachie ufunguo ili alisogeze gari, nimpe?* — Mama wa watoto watatu

Wa alaykum salaam, mama. Betri iache. Betri nzima haifi kwa siku tano, na ukiitoa utakuwa umeizima alamu, na traka (kifaa cha kufuatilia gari) itabaki na kibetri chake cha ndani tu ambacho huisha upesi. Wazo hilo lifikirie ukisafiri kwa majuma.

Ufunguo usimpe. Tafuta mahali ambapo magari hayapangwi kwa kuzibana, hata kama utalipa zaidi. Mwenye ufunguo wako anaweza kulitumia gari, kunyonya mafuta, au kuchonga mwingine kama huo, nawe hutaona alama yoyote. Ikibidi kabisa, mpe ufunguo wa gari mtupu: ondoa wa nyumba na rimoti ya geti.

Fika mchana. Mbele ya mlinzi, piga picha pembe nne za gari, saidi mira zote mbili, tairi la akiba, na dashibodi ikiwa imewashwa ili kilomita na geji ya mafuta zionekane. Picha hizi zina kazi mbili: zinakupa ushahidi, na zinamjulisha mlinzi kwamba unajua ulichokiacha. Uliza zamu ya usiku ni ya nani. Mlinzi mmoja anayesema yuko macho usiku na mchana kwa siku tano hawezi kuwa macho. Lipa nusu, nusu ukirudi, na udai risiti yenye namba ya gari na tarehe.

Chukua kila karatasi yenye anwani yako. Anayeiba karatasi hiyo Mokowe amejua nyumba ilipo na kwamba haina mtu. Kikasha cha dashibodi kiache wazi, kitupu, kionekane ni kitupu.

*Nataka kuweka swichi ya siri ya kuzuia wizi kwenye Probox ya gia za mkono. Fundi mmoja anasema aikate stata (mota ya kuwashia injini), mwingine pampu ya mafuta. Nani yuko sawa?* — Dereva, Maweni

Kwa gari la gia za mkono, wa pampu. Ukikata stata tu, vijana wawili hulisukuma gari, wa tatu akaachia klachi, likawaka. Pampu ikikatwa, gari laweza kuwaka kwa mafuta yaliyobaki kwenye mabomba, likaenda kidogo na kuzima, nje kidogo tu ya maegesho.

Lakini kazi ya pampu ikifanywa ovyo ni hatari, kwa sababu gari linaweza kuzima ukiwa unalipita lori. Dai mambo matatu. Umeme wa pampu upite kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya ampia 30 au zaidi, swichi ndogo iiamrishe rilei tu. Swichi ndogo ikibeba umeme wa pampu moja kwa moja hupata moto na kuyeyuka. Maungio ya nyaya yachomwe kwa risasi ya kulehemu na kuvishwa mpira, yasisokotwe kwa mkono na kufungwa tepu, maana hewa ya chumvi ya pwani huyala. Na swichi isikae chini ya usukani, ndipo pa kwanza kupapaswa. Tukishauri kwa pesa chache, swichi hii itangulie kabla ya alamu. Mlio wa alamu maegeshoni watu wameuzoea, hawageuki tena.

*Nyororo yangu ya pikipiki ilikatwa nje ya soko, na kufuli halikuguswa.* — Mwendesha boda, Malindi

Bila shaka ilikuwa nyembamba na imelala chini. Mkasi wa kukata chuma hupata nguvu mkono mmoja wake ukikanyagwa ardhini. Nunua nyororo ya chuma kigumu, unene wa milimita 10 au zaidi, uipitishe kwenye gurudumu la nyuma na fremu hadi kwenye nguzo, ikazwe juu isiguse chini. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, litafunguliwa na kuachwa pale na nyororo yake. Usukani ufunge pia.

Kufuli la pwani hufa kwa chumvi na mchanga, kisha mwenyewe akachoka kuhangaika nalo na kuliacha limening'inia wazi. Nunua la shaba, tundu litazame chini, na ulitie unga wa grafaiti badala ya grisi, kwa kuwa grisi hunasa mchanga.

*Mtu akigonga kioo na kusema tairi lina pancha?* — Msomaji, Watamu

Usishuke hapo. Mshukuru kwa mkono, milango ikiwa imefungwa, uende polepole hadi kituo cha mafuta kilicho karibu, hata kama kweli lina pancha. Tairi likiharibika hununuliwa. Mara nyingi mwenzake anangoja upande wa pili, mkoba ukiwa juu ya kiti.

*Ninatoka zamu ya hospitali saa nne usiku, na gari liko mbali na taa.* — Muuguzi

Dada, ukifika kazini paki kwa kurudi nyuma, uso wa gari ukielekea lango. Ukitoka, ufunguo uwe mkononi kabla hujauacha mlango wa wodi, na umwombe mlinzi akusindikize. Ni haki yako kuomba. Chungulia kiti cha nyuma kabla ya kufungua. Ukiingia funga, washa, ondoka. Ujumbe wa simu utaujibu nyumbani. Akitokea mwenye silaha akataka gari, mpe ufunguo na usogee kando usibishane. Kama mtoto yumo ndani, tamka hilo kwanza kwa sauti: "Mtoto yumo!" Ukiwa salama piga 999 au 112, utaje namba ya gari, rangi, na upande lilikoelekea.