Kisima bondeni, tangi mlimani: tufunge kifaa cha kubadili kasi ya mota?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Mimi ni fundi wa pampu katika mamlaka ya maji ya mji mdogo hapa Tanzania. Bili ya umeme inamaliza mapato yetu. Muuzaji mmoja anasema tukifunga kifaa cha kubadili kasi ya mota tutaokoa nusu. Bodi inasubiri ushauri wangu.

JIBU: Ndugu yangu, waombe bodi wasubiri kidogo. Hiyo nusu ipo, ila si kwenu. Pale pampu inaposhindana na msuguano wa bomba tu, ukipunguza kasi hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu asilimia 51. Ninyi mnapandisha maji mlimani, na mlima haupungui mota ikienda polepole. Ukishusha kasi kupita kiasi, maji hayafiki tangini kabisa huku umeme unaendelea kuliwa.

Kwanza pima. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwenda juu mita 100 kunahitaji uniti 0.27, na hakuna pampu duniani itakayotumia chini ya hapo. Pampu isiyochakaa, pamoja na mota yake, hutumia kama 0.4. Soma mita ya umeme na mita ya maji kwa wiki moja, saa ileile kila siku, kisha gawanya uniti kwa ujazo, gawanya tena kwa kimo cha kupandisha maji kwa mita, na uzidishe kwa 100. Kimo kihesabu kuanzia usawa wa maji kisimani pampu ikiwa inafanya kazi, maana maji hushuka mno mkisukuma. Wengi hukosea hapa. Ukipata 0.6 kwa kila mita 100, fungua pampu. Mara nyingi utakuta mchanga umekula impela, yaani gurudumu la ndani linalosukuma maji, na impela mpya ndiyo dawa.

Halafu itazame bili yenyewe. Mteja mkubwa hulipia uniti na pia kVA za juu kabisa za mwezi, yaani mzigo mkubwa kuliko wote aliouvuta kwenye laini ya umeme. Mota inayovuta kW 200 kwa pawa fakta (sehemu ya mzigo huo inayofanya kazi kweli) 0.75 huhesabiwa kVA 267. Kapasita, yaani vifaa vya kupandisha pawa fakta, zenye ukubwa wa kVAr 110 zikiifikisha 0.95, inakuwa kVA 211. Uniti zitabaki karibu zilezile, lakini kVA 56 zinaondoka kila mwezi.

Kifaa cha muuzaji kifikirieni kwa pampu inayosukuma moja kwa moja kwa wateja, ambako matumizi ya alfajiri na ya usiku wa manane hayafanani.