Ndago, ukoka na mbegu za Ulaya: maswali yenu wiki hii

*Shikamoo fundi. Niko Shangani hapa Mtwara, nimepanda ukoka mbele ya nyumba lakini ndago imejaa, kila Jumamosi nang'oa na vijana, Jumamosi inayofuata ipo tena. Nakosea wapi?*

Marahaba. Mnang'oa majani tu, mwenyewe yuko chini. Chimba shina moja taratibu na panga uone, utakuta vitunguu vidogo vyeusi vimeunganishwa na mzizi kama shanga, ukivuta juu uzi unakatika vinabaki, na kila kimoja kinachipua kivyake. Kung'oa kunasaidia kama huiachii ikomae, yaani isipite wiki 3 hivi bila kuguswa, maana ikikaa inatengeneza vitunguu vipya, na hapo jiandae kwa miezi mingi. Ukichoka, uliza duka la pembejeo dawa yenye halosalfyuroni, hiyo inapiga ndago na kuacha ukoka, kwa sababu ndago siyo nyasi kweli, shika shina lake uone lina pembe 3. Glaifoseti, ile dawa inayoua karibu kila mmea, usipulizie juujuu, inaondoka na ukoka wako.

*Binamu yangu yuko Ohio, Marekani, kazi yake kutunza bustani za watu. Anasema kuna jani linaitwa kwakigrasi limeingia kwenye nyasi za mteja, kapiga dawa ya kuzuia mbegu na bado. Nimwambieje?*

Mwambie ile dawa inazuia mbegu kuota, na hilo jani halitegemei mbegu, lina mizizi inayotambaa chini na kila kipande kikikatwa kinaota, kwa hiyo asithubutu kulima pale na mashine, atalisambaza uwanja mzima. Shida nyingine, nyasi za kule za baridi (feskyu, raigrasi) ni ndugu zake wa damu, dawa ya kuua mmoja na kumwacha mwenzie kwenye bustani kama ile ni ngumu kupata. Mimi ningekubali hasara: mwezi wa 8 mwanzoni, likiwa bichi na halijakatwa karibuni, napaka glaifoseti kwenye viraka tu na kuzidisha kidogo pembeni, nasubiri wiki 2, likichipua narudia, halafu kabla mwezi wa 9 haujafika mbali napanda mbegu upya. Mteja atalalamika kuona viraka vya kahawia, amwambie mapema kabla hajapuliza.

Na wewe uliyeko huku ukitumia glaifoseti, usichanganye na maji ya matope ya dimbwini, udongo unaing'ang'ania dawa inakosa nguvu, halafu tunasema dukani wametuuzia feki.

*Kaka yangu alinitumia mbegu za nyasi kutoka Uingereza, nikapanda Lindi, zikaota vizuri sana kisha zikafa zote. Mbolea?*

Siyo mbolea dada, ni joto. Zile zinapenda nyuzi 15 mpaka 24 hivi, Lindi mchana unazipata wapi? Panda ukoka, tena masika ikianza usisumbuke kumwagilia.

*Naweza kumwaga chumvi kwenye magugu?*

Hapana. Magugu yatakauka na udongo nao utaharibika, ukoka hautaki kurudi hapo. Kama ni kwenye nyufa za sementi, maji ya moto yanatosha, ila rudia rudia.