Mjomba na ile taa ya Apollo 11

Mdogo wangu, umeuliza umjibu nini mjomba wako hapo Bukavu, anayetuma kila mara kwenye grupu la familia video ya Buzz Aldrin, mwanaanga wa Marekani wa safari ya Apollo 11, "akikiri" kuona chombo cha viumbe wa angani, eti Marekani ikaficha.

Usianze na "ni uongo", maana Aldrin aliona kitu kweli. Julai 1969, wakielekea mwezini, yeye na wenzake waliona mwanga ukienda nao sambamba. Wakauliza Houston, kituo cha kuongozea safari duniani, kipande cha roketi walichokiacha kiko wapi. Jibu: mbali, kilomita kama 11,000. Aldrin mwenyewe ameeleza kwamba karibu hakika ilikuwa mojawapo ya paneli nne zilizobanduka kutoka kwenye roketi. Maelezo hayo ndiyo yanayokatwa kwenye video. Mtafutie.

Mwambie atazame taa za wavuvi wa sambaza ziwani usiku: kama hujui ukubwa wa taa, utajuaje umbali wake? Mwaka 1962 mwanaanga mwingine, John Glenn, aliona "vimulimuli" nje ya chombo chake. Miezi mitatu baadaye mwenzake Scott Carpenter, naye akiwa angani, akagonga ukuta wa chombo kwa ndani, vikaruka vingi. Barafu tu.

Kuhusu serikali kuficha, mkubalie (Mkongomani gani atabisha?). Ya Roswell, Marekani, 1947, ambako yaliokotwa mabaki ambayo watu husema ni ya chombo cha viumbe wa angani, yalifichwa kweli: mwaka 1994 jeshi la anga la Marekani lilisema mabaki yale yalitokana na maputo ya siri ya kunasa majaribio ya nyuklia ya Wasovieti.

Halafu mwandikie pembeni, si mbele ya watoto wake.