Kabla ya cupsenable, tazama foleni

Juzi kijana wetu wa fildi aliitwa masijala, printa imegoma. Akafungua terminali, akaandika cupsenable, amri ya kuiruhusu printa iliyosimamishwa ianze tena kutoa kazi za foleni, akabonyeza Enter, kisha akanigeukia na lile tabasamu la mtu aliyemaliza kazi. Sikumjibu. Nilikuwa nimeshatoka mbio. Basi wadogo zangu, mnaokuja Tanga kila mwaka na vidole vyepesi, haya ni yenu.

1. Printa ipewe anwani isiyobadilika, ifungwe kwenye ruta kwa MAC yake, ile namba ya utambulisho ya kifaa. Umeme ukikatika na kurudi, DHCP, mgawaji wa anwani za mtandao, inaweza kugawa upya, na mlango 9100, unaopokea kazi za printa, haumuulizi mtu jina. Ukituma karatasi za mishahara kwenye anwani ya zamani, na hapo pamekaa printa ya ofisi nyingine, zitatokea huko huko.

2. Usifungue foleni ya raw, inayotuma faili kama lilivyo bila kulitafsiri, kwa sababu tu umechoka kutafuta draiva, programu ya kulitafsiria printa. PostScript, lugha moja ya printa, ikimwagwa kwenye printa inayojua PCL, lugha nyingine, peke yake, itatema kurasa kwa kurasa za herufi zinazoanza na %!PS. Mimi niliwahi kuletewa rundo zima na mama mmoja wa masijala: "Mwanangu, Kiarabu nakisoma. Hiki sicho."

3. A4. Foleni ikisema Letter, printa itawasha taa na kusubiri karatasi ya Kimarekani ambayo huipati duka lolote toka Chumbageni hadi Makorora.

4. Sasa foleni. Hapa kaeni chini.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa kwenye chuo kimoja, wiki ya mitihani. Asubuhi umeme ulikatika, swichi ya mtandao ya chini ikazima, CUPS, programu ya Linux inayosimamia printa na foleni, ikajaribu kutuma kazi ikashindwa, na kwa kuwa mimi mwenyewe niliweka ErrorPolicy, yaani agizo la nini kifanyike kazi ikishindwa, ya stop-printer, ikaisimamisha printa. Kusimama si kukataa. Foleni iliyosimama inaendelea kupokea: mtu anaambiwa kazi imetumwa, anangoja, haoni kitu, anabonyeza tena. Dada wa taaluma alibonyeza mara sita. Mtihani wa kurasa nne, nakala 60. Alipochoka akachukua flashi, akaenda kuprinti kwa mhasibu, akafunga bahasha zake, akasahau.

Mimi nikaingia saa tano, nikaona "disabled", nikaandika cupsenable. Sikuandika lpstat -o, amri ya kuonyesha kazi zilizo kwenye foleni. Printa ikaunguruma, nikafurahi, nikaenda zangu Ngamiani kula muhogo wa kukaanga na pilipili.

Printa ile ilikaa kwenye korido, ili kila mtu aifikie. Wazo langu. Niliporudi nilimkuta mwanafunzi amechuchumaa, anakusanya karatasi zilizomwagika sakafuni, kwa adabu kabisa, kingo zimelingana. "Shikamoo mwalimu. Zilikuwa zinaanguka, nimekuokotea." Mimi si mwalimu. Juu ya rundo: swali la kwanza, alama 20. Yeye mwaka wa pili. Mtihani, mwaka wa pili.

Kiwewe kikanishika, nikachomoa waya. Karatasi ikakwama, nusu ndani nusu nje. Nikaivuta, nikawasha, ikaendelea pale pale, maana kazi haikai kwenye printa. Inakaa kwenye seva, ndani ya /var/spool/cups, na ilinisubiri huko bila haraka. Nikapanda ngazi mbili mbili kwenda kuandika cancel -a, amri ya kufuta kazi zote. Niliposhuka, printa imenyamaza. Nikajipongeza, mpaka nilipofungua trei: karatasi zimeisha. Kurasa 1,440 ziliagizwa, trei inabeba rimu moja. Trei ndiyo iliyotuokoa, si mimi.

Mtihani ulitungwa upya usiku ule ule. Dada wa taaluma, aliyekuwa akiniita kwa jina langu, akaniita "fundi" muhula mzima.

Kwa hiyo: lpstat -o, futa zilizozeeka, ndipo cupsenable. Printa ikiwa imekufa kwa siku nzima, tumia cupsreject, watu wakataliwe mapema waende kwingine. Na mitihani haipiti kwenye korido.

5. Rimu iliyofunguliwa usiiache dirishani. Hewa ya bahari inalowesha karatasi, zinagandana, zinakwama, halafu unailaumu draiva.

6. Msiniulize tena kwa nini kuna amri mbili za kuprinti, lp na lpr. Koo mbili za Unix, System V na Berkeley, kila moja ilikuja na amri yake, CUPS ikazibeba zote. Tumia unayoikumbuka.

7. Kabla hujaniita, soma /var/log/cups/error_log, daftari la makosa la CUPS. Ukiiona fupi, andika cupsctl --debug-logging, rudia kosa, soma tena. Kisha uizime, isije ikakujazia diski.

Yule kijana wa juzi, foleni yake ilikuwa na kazi tatu tu, zote barua moja ya likizo. Kanunua chai na chapati, na mimi sikukataa.