Kama mwalimu ni muhimu, mbona payslip inasema ingine?

Swali: Mimi ni mwalimu wa PP2, darasa la chekechea, shule ya private huku Kayole, Nairobi, napokea 14,000 kwa mwezi. Ndugu yangu mdogo anaunda programu za simu za benki na ananipita karibu mara kumi. Ina maana kazi yangu si muhimu? Kuna kocha wa TikTok anataka 15,000 anifunze mambo ya data wiki sita.

Jibu: Mwalimu, hiyo ya "kazi yangu si muhimu" ndio inanichosha, kazi yangu ni kupanga mishahara na naisikia kila wiki. Mshahara si maksi. Hakuna mtu amekaa mahali akipima nani anasaidia jamii. Si unajua maji ya hapo kwenu, mfereji ukitoka mtungi wa lita 20 ni pesa kidogo, ukikauka wiki moja yule wa mkokoteni anakuuzia bob 50 na anakuringia, na maji ni yale yale, kiu ni ile ile, ni mitungi tu imepungua.

Wewe mshahara wako unatoka kwa karo ya mama mboga, hata mwenye shule akupende aje, hapo kuna mwisho, na ukitoka leo kuna CV za walimu zimejaa droo yake. Ndugu yako anaandika kitu mara moja kinatumika na watu laki kadhaa na mwenye kulipa ni benki. Umuhimu peke yake haulipi mtu: 2024 serikali ilitaka kuwapa madaktari intaani, wale wa mafunzo ya kazi, 70,000 badala ya 206,000 za mkataba wa 2017, na wagonjwa hawakuwa wamepungua hata mmoja. Madaktari waligoma siku 56.

Sasa huyo kocha. Hawa watu wananiudhi vibaya sana, wanauza payslip ya mtu mwingine. Kama grupu yake ina watu 400 wote wanafunzwa Excel ile ile, si mnaenda tu kujaza droo ingine? Na kama hiyo kazi ya data inalipa hivyo, mbona yeye anauza darasa? Kabla mtu yeyote hajatuma hata bob, aitishe namba za wanafunzi wawili wa mwaka jana awapigie mwenyewe, aulize nani amewaajiri. Akianza kutuma skrinshoti badala ya namba, bloki.