Ukuta wa Mji Mkongwe hautaki saruji

Msomaji wa Malindi, Unguja, ametuma picha tatu za ukuta mmoja, na katika zote lipu imevimba na kubanduka. Ameirudia mara tatu, kila mara akizidisha saruji, na sasa anauliza azidishe nini tena. Asizidishe kitu. Aibandue yote.

Nyumba za Mji Mkongwe, kama zile za Lamu na za Kibokoni Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Jiwe hilo lina matundu na linakunywa maji. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke taratibu, lakini saruji huyafungia. Yakifungiwa hupanda, yakatokea pale saruji inapoishia, ndiyo maana doa lililokuwa magotini mwaka jana leo liko kifuani. Chumvi nayo huganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Gonga kwa kidole: ukisikia mlio wa kibuyu kitupu, lipu imeshaachana na jiwe.

Kabla ya kushika mwiko, jua maji yanatoka wapi. Doa likiwa juu, shuku paa au gata. Likiwa katikati, shuku bomba au choo cha ghorofani: funga mabomba yote usiku, soma mita, uisome tena alfajiri. Likiwa chini, tena limenyooka kama mstari, toka nje uangalie. Mara nyingi kichochoro kimemwagwa zege juu ya zege mpaka kikapita usawa wa sakafu yako. Watu huruka kazi hii kwa kuwa haionekani na mgeni, kisha wanamlaumu fundi.

Saruji itoe kwa tindo na nyundo ya kilo moja, ukianzia pale panapolia tupu, na upande nusu mita kupita mwisho wa unyevu. Mashine ya kuvunjia usiilete, itang'oa na jiwe. Chumvi isugue kwa brashi ikiwa kavu, kwani ukiiosha unairudisha ndani. Kisha uache ukuta wazi. Ukuta wenye unene wa nusu mita haukauki kwa wiki mbili: ubandue Juni kipupwe kinapoanza, upige lipu Agosti au Septemba, kabla ya vuli. Ukuta wa nje usiuguse kabla ya kupita Mamlaka ya Mji Mkongwe kuuliza kibali.

Kwenye chokaa ndiko wengi wanakoliwa. Ile ya kutia shambani ni jiwe lililosagwa tu, haishiki kitu. Weka kijiko kwenye kisahani, kamulia ndimu: ikitoa povu kwa nguvu, ama ni ya shamba ama imekaa dukani hadi ikafa. Ya mfuko iliyo nzima iloweke siku nzima kabla ya kuchanganya. Ya tanuu ambayo haijazimwa, yaani haijatiwa maji, mimina chokaa kwenye maji, kamwe si maji kwenye chokaa, maana inachemka na kuruka. Vaa miwani na glovu. Ikishazimwa, ikae chini ya maji miezi mitatu, igeuke kama mtindi mzito.

Kipimo ni chokaa karai moja kwa mchanga makarai matatu. Mchanga wa pwani una chumvi, uache pwani. Ule wa shimoni utie kwenye chupa ya maji, tikisa, subiri saa moja; tope likiwa nene juu ya mchanga, uoshe.

Lowesha ukuta mpaka uache kunywa. Mashimo jaza siku moja kabla kwa vipande vya jiwe na chokaa. Tabaka la kwanza lirushe kwa mwiko, lisizidi sentimita moja na nusu, likwaruze kwa msumari, kaa wiki. La pili sentimita moja. Yote mawili yafunike kwa magunia mabichi siku nne, kwani chokaa hugangamala kwa hewa, polepole, na jua likiiwahi inapasuka kama tope la bwawa. Anayekuambia atie “kibaba kimoja tu cha saruji ishike haraka” anakurudisha kwenye picha zako tatu.

Ukuta ukiwa wazi, choma ncha za boriti kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani. Ikizama kwa urahisi, simama. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyuma vya kuegemeza dari.

Rangi ya plastiki inafunga ukuta kama saruji, kwa hiyo paka chokaa, nyepesi kama maziwa, mikono mitano, kila mmoja siku yake, ukuta ukiwa na unyevu kidogo. Ukiipaka utaona kama hujapaka kitu, jiwe linaonekana chini yake. Usiongeze. Kesho asubuhi itakuwa nyeupe, na iliyopakwa nzito itakuwa inabaki kwenye mabega ya kila anayeegemea.