Vijana 300 hawapatikani awamu ya pili: usiwajazie majirani

Ndugu, umesema ulidodosa vijana 1,000 waliopitia mafunzo ya ufundi, mwaka mmoja baadaye ulipowarudia kuona nani ana kazi umewapata 700, na bosi anataka nafasi 300 zijazwe na majirani wa rika lao. Kataa. Jirani anayekutwa nyumbani anafanana na hao 700 ulionao tayari, hafanani na aliyeondoka. Wakikuambia UBOS, shirika la takwimu la Uganda, nao hubadilisha kaya, wajibu kwamba walipoingiza kaya mpya kwenye jopo lao, yaani kundi la kaya wanazozirudia kila awamu, mwaka 2013/14, zilichaguliwa upya kwa sampuli. Hawakugonga tu mlango wa jirani.

Mimi nilikuwa mdadisi Busia kabla ya kuwa msimamizi. Awamu yetu ya pili tulizunguka Jumatatu hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, tukarudi na habari kwamba vijana wengi hawana kazi. Mwenye kazi angekuwa nyumbani saa hizo akifanya nini? Tuliporudi Jumapili jioni, milango iliyokuwa na kufuli ilikuwa wazi: makondakta, mafundi, wauza duka. Mama mmoja alituambia kwa fahari kwamba mwanawe yuko Juba anachomelea mageti. Kwenye fomu yetu kijana huyo alikuwa "hakupatikana". Ila wapo pia waliotukimbia wakidhani tumefuata deni la mkopo, na hao mambo yalikuwa yamewaharibikia. Kwa hiyo usikisie tu kwamba waliopotea wote wamefanikiwa.

Ndiyo maana uzito wa kitakwimu, yaani kumhesabu aliyepatikana kama zaidi ya mtu mmoja ili azibe pengo la waliokosekana, peke yake hautoshi. Ukiwaongezea uzito waliopatikana kwa kufuata umri, jinsia, elimu na wilaya, unarekebisha tofauti ulizopima mwanzoni. Kilichomwondoa kijana baadaye, yaani kazi yenyewe, hakimo kwenye hesabu. Angalia Kagera, mkoa wa Tanzania ng'ambo ya mpaka wetu: utafiti ulioanza 1991 ulirudi 2004 na kuwasaka hata waliohama, wengine hadi huku Uganda. Kuhama kulikadiriwa kuongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia kuliko kubaki. Watafiti wangeishia kijijini, hilo lisingeonekana kabisa.

Bajeti yako haiwezi kuwafuata wote 300, najua. Chagua 60 kwa bahati nasibu, kisha mimina pesa yote ya kutafuta kwa hao: nauli, simu za usiku, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), steji ya boda aliyokuwa akikaa. Usichague walio karibu! Tuseme kati ya 700, wenye kazi ni 420, asilimia 60. Kati ya 60 umewapata 54, na 45 wana kazi, asilimia 83. Hao 54 wawakilishe 300 wote, jumla inakuwa asilimia 67 hivi. Bila wao, jibu lingeweza kuwa popote kati ya 42, kama waliopotea wote hawana kazi, na 72, kama wote wanayo. Masafa hayo yaandike kwenye ripoti hata bosi akinuna.

Namba za simu: chukua ya kijana, ya mwenyekiti, na ya shangazi au mama asiyehama. Mwaka 2017, laini zisizohakikiwa kwa kitambulisho cha taifa zilipozimwa, tulibaki na daftari zima la namba zisizoita. Mashangazi ndio walituokoa.